Sekunde 12.5: siku moja maishani mwangu na LabVIEW

Saa 1:40 asubuhi. Nawasha mashine zote mapema maana multimita (kifaa cha kupima umeme) hupenda kupata joto kabla ya kusema ukweli. Kwa miaka sita kazi yangu imekuwa hii: simama mbele ya kipimo, soma, andika daftarini, subiri, soma tena. Sasa naambiwa kompyuta ifanye hayo, na anayepaswa kuifundisha ni mimi. Hii ni wiki ya tatu.

LabVIEW ni lugha ya kutengeneza programu za kuendesha vipimo kwa kompyuta, na huiandiki, unaichora. Una kurasa mbili: ya mbele ina vitufe, saa za mishale na grafu kama uso wa kifaa halisi, ya nyuma ina visanduku vilivyoungwa kwa waya. Waya wa chungwa unabeba namba zenye desimali, wa bluu namba kamili, wa kijani ndiyo au hapana, wa waridi maandishi. Ukiunga vibaya, mshale wa kuendesha unavunjika vipande na programu haiendi. Nilipoona hivyo siku ya kwanza nikajidanganya: kumbe ni kuunganisha rangi tu!

Saa 2:15. Multimita yetu ni ya zamani, inaongea kupitia kebo ya pini tisa. Nataka kuiuliza swali la kwanza ambalo kila mwanafunzi huuliza: *IDN?, yaani wewe ni nani. Ilipaswa kunijibu mtengenezaji, modeli, namba yake ya mfululizo (serial) na toleo la programu yake. Naendesha. Kimya. Sekunde kumi kamili, kisha kosa -1073807339: muda umekwisha.

Nabadilisha kebo. Nabadilisha kasi ya mawasiliano kutoka 9600, nairudisha. Kila jaribio linanila sekunde kumi, na sekunde kumi za kutazama skrini ni ndefu.

Saa 3:10. Dada aliyenitangulia kwenye kazi hii anapita nyuma yangu.

"Dada, hainijibu."

"Umeiambia kwamba umemaliza kusema?"

"Nimeweka alama ya mwisho wa mstari, tazama." Kweli, kwenye kisanduku cha waridi imeandikwa *IDN?\n.

Hakusema kitu. Akabonyeza kulia kwenye kisanduku, akachagua kionyeshe mikwaju (\) kama alama maalumu. Papo hapo maandishi yakageuka: *IDN?\\n. Mikwaju miwili! Yaani nilichokuwa natuma si mwisho wa mstari, ni mkwaju na herufi n, herufi mbili za kawaida kabisa. Multimita ilikuwa imenisikia vizuri, inangoja nimalize sentensi. Na mimi nangoja inijibu. Nikafuta mkwaju mmoja, jibu likaja kabla sijainua kidole.

Saa 4:30. Furaha haikudumu. Nimeweka kisanduku cha "jiandae kupima volti" kushoto, cha "nipe kipimo" kulia. Mara inasoma vizuri, mara inaleta takataka. Mimi nilidhani programu inasomwa kama maandishi, kushoto kwenda kulia. Haisomwi hivyo. Kisanduku kinaanza kazi pale tu kila kinachokihitaji kimefika kwa waya, na vikiwa viwili havijaungana, hakuna aliyeahidiwa kutangulia. Vyangu vyote viwili nilivilisha kutoka tawi moja la waya, kila kimoja kivyake, kwa hiyo vilikuwa vinakimbizana. Dawa yake ni waya wa makosa: utoke kwenye kisanduku cha kwanza, uingie cha pili. Cha pili sasa hakina budi kusubiri, na kama cha kwanza kimeshindwa, kinajua.

(Ile balbu ya kwenye skrini, ya kuonyesha nukta zikitembea kwenye waya ni nzuri kwa kujifunza, lakini inapunguza kasi ya kila kitu. Nilipoiwasha, kosa langu lilijificha. Nilipoizima, likarudi.)

Saa 6:00 mchana. Mapumziko. Nasoma kwamba LabVIEW ilitolewa na National Instruments mwaka 1986, kwa Macintosh. Kuchora kunahitaji skrini yenye picha na kipanya, na mashine hiyo ilikuwa navyo.

Saa 7:20. Sasa kifaa cha kukusanya data. Sensa ya mgandamizo inatoa volti 0 hadi 10, nami nasoma sampuli 1,000 kwa sekunde, nikizichota 100 kila mzunguko wa lupu (sehemu ya programu inayojirudia) na kuziandika kwenye faili. Grafu ilikimbia mno machoni pangu, nikatia kisubirishi cha milisekunde 500 ndani ya lupu. Ikatulia, ikapendeza. Kisha ikafa: kosa -200279. Naendesha upya, inafa tena. Mara ya tatu nikaitazama saa: sekunde kumi na mbili na kidogo. Ya nne, vilevile.

Kosa linalorudi kwa saa halina uchawi ndani yake, ni hesabu. Nikachukua daftari langu la zamani. Zinaingia 1,000 kwa sekunde. Lupu inazunguka mara mbili, inachota 200. Zinabaki 800. Kwa kasi hii bafa, ghala la muda la sampuli zinazosubiri kusomwa, inapewa nafasi ya sampuli 10,000. Gawanya: 12.5. Baada ya hapo sampuli mpya zinakalia mahali pa zile ambazo sijazisoma, na programu inakataa kuendelea kuliko kunipa data yenye pengo. Nimeipenda heshima hiyo.

Nikaondoa kisubirishi. Hakikuwa na kazi hata kidogo: kuomba sampuli 100 ni kusubiri tosha, kwa kuwa hazipo mpaka sehemu ya kumi ya sekunde ipite.

Saa 9:45 alasiri. Dada akasema bado nitaumia siku diski ikichelewa. Tukaitenga kazi: lupu moja inachota na kutia kwenye foleni, nyingine inatoa kwenye foleni na kuandika. Hii imenichukua muda uliobaki wote, hasa namna ya kusimamisha lupu mbili kwa kitufe kimoja bila ya pili kubaki ikingoja milele.

Saa 11:15 jioni. Tunaiacha ikesha ikirekodi. Nimebandika karatasi kwenye skrini: USIGUSE DUARA JEKUNDU, kwa sababu kitufe hicho cha LabVIEW kinaikata programu ghafla kabla haijafunga faili. Kwenye ukurasa wa mbele nimeongeza namba moja ndogo, idadi ya vilivyopanga foleni. Nimevaa koti, bado naitazama. 0. 0. 1. 0.