Pacha wawili na tarehe ya kalenda

Mwenyekiti wa kitongoji alinipigia saa tatu usiku. "Madam, nina watoto wawili hapa, mama yao kakimbizwa hospitali. Nifanye nao nini?" Nilikuwa na miezi minane tu kazini, afisa ustawi wa jamii katika halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa. Watoto nitawaita Kulwa na Doto. Si majina yao, ila pacha walikuwa pacha kweli, wa kike na wa kiume, umri miaka 7.

Chuoni tulikaririshwa kwamba makao ya watoto ni hatua ya mwisho. Usiku ule ndiyo yalikuwa ya kwanza kunijia kichwani: piga simu, omba vitanda viwili, kalale. Aliyeniokoa ni mwalimu jirani yao, ambaye alikuwa ameshawapikia uji. Akasema walale kwake. Nikamjulisha askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, nikaandika nani kawachukua na saa ngapi, na asubuhi tukawapeleka zahanati kupimwa.

Kutafuta ndugu kulinichukua siku nne. Bibi mzaa mama aliwataka, akalia kabisa, lakini macho yake hayaoni na chakula analetewa na jirani. Baba mdogo alikuja mwenyewe ofisini, kofia mkononi. "Huyu wa kike namchukua hata leo. Wa kiume mtafutieni pengine." Nikamuuliza habari za nyumbani kwake. Mtoto mchanga wa miezi mitano, mke ana genge sokoni. Nikamwelewa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anatafuta yaya. Ofisini kuna waliosema nimpe, faili lifungwe, ndugu ni ndugu. Nilikataa, na hadi leo huo ndio uamuzi ninaouamini kuliko wote niliofanya kazini.

Tukaenda kwa mlezi wa kuaminika, mama mjane aliyekuwa ameshachujwa na kupewa mafunzo, na aliyekubali kuwachukua wote wawili. Nilifika kwake mara mbili. Ya kwanza nilitoa taarifa, nikapikiwa wali na kuku. Ya pili nilitokea saa saba mchana bila kusema, nikakuta ugali na dagaa, nikafurahi zaidi. Nikaangalia choo, nikauliza nani analala na nani, nikaongea na majirani. Hayo yote yakaingia kwenye ripoti ya uchunguzi wa kijamii niliyopeleka Mahakama ya Watoto. Amri ya kuwaweka watoto kwake ikatoka kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Amri ya namna hiyo haizidi miaka 3, kwa hiyo tangu siku ya kwanza unatakiwa uwe unafikiria namna ya kuwarudisha.

Kuwaambia watoto ndiyo ilikuwa ngumu. Mwenzangu alinishauri niseme tunakwenda kutembea. Nilishawahi kumfanyia hivyo mtoto mwingine, na baadaye kila akiona gari la halmashauri alikuwa anajificha uvunguni. Safari hii nikakaa nao chini ya mwembe. Nikawaambia mama anaumwa, ugonjwa umemshika akilini, madaktari wanamtibu, na hakuna kosa walilofanya. Kulwa akauliza, "Nani atamfulia nguo?" Doto alitaka kujua kama huko kuna mbwa.

Kwenye begi nilitia kadi za kliniki, barua ya uhamisho wa shule, na khanga ya mama yao. Mlezi alitaka kuifua, nikamwomba aiache hivyo hivyo na harufu yake.

Wakati naondoka Kulwa akanishika mkono. Nitarudi lini? Ukutani kulikuwa na kalenda, nikazungushia tarehe 14 kwa kalamu nyekundu. Tarehe 14 gari halikuwa na mafuta. Nilifika tarehe 17. Kulwa hakunisalimia. Alikuwa amekata siku kwa mkaa, moja moja, na zile tatu za ziada amezikata kwa nguvu hadi karatasi imechanika.

Tangu siku hiyo sikuandika tarehe ambayo siwezi kuifikia kwa bodaboda, nauli yangu mwenyewe. Si utaratibu wa ofisi, najua, na simshauri mtu aishi hivyo kwa mshahara wetu. Mama yao alipopata nafuu nikaanza kuwapeleka hospitali ya mkoa kumwona, kwanza nusu saa, baadaye mchana mzima.

Walirudi kwake baada ya miezi 13. Mwalimu jirani yumo kwenye mpango wa ufuatiliaji, ndiye anayehakikisha dawa za mama hazikatiki. Siku ya kuwahamisha mlezi alilia, Doto akaulizia mbwa kama anaweza kuja naye. Kulwa alikuwa ameibandua ile kalenda. Akanipa, na kalamu.

"Na kwa mama utakuja lini?"

Nikaangalia shajara yangu kwanza, ndipo nikazungushia.