Wako ulikuwa na ugonjwa gani?

"Ubongo wako ulikuwa na ugonjwa gani, mwanangu?"

Mama, ambaye kiharusi kilimlaza mkono, aliuliza hivyo Jumapili na mpaka leo sauti yake haijanitoka. Mdogo wangu wa Uingereza alikuwa amejitolea kwenye utafiti wa kupitisha umeme mdogo kwenye ubongo chuoni kwao: kavalishwa mkanda kichwani, sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi, umeme wa miliampia 2 kwa dakika 20. Ananisimulia mimi, simu iko spika. Ngozi iliwasha kidogo, basi. Si ile shoti ya hospitali ambayo mtu hulazwa usingizi kwanza. Umeme wenyewe mwingi unaishia kwenye ngozi na fuvu, na unaopenya hauamshi seli za ubongo, unazisogeza tu karibu na kuamka.

Ndipo Mama akatupa swali. Mdogo wangu akajibu kwamba wanaanza na watu wazima wa afya.

"Wako mzima umewekewa. Wangu uliolala unasubiri nini?"

Kimya.

"Haya," akasema Mama, akaulizia baridi ya huko.

Hiyo "haya" imenikaa kooni. Harusi ya Tukuyu imepita, ofisi tumehama, mimi niko na "haya" tu.

Usiku nikampigia mdogo wangu kwa hasira. Akanieleza taratibu kwamba ukiupitisha umeme huo juu ya sehemu inayoongoza mkono, GABA, kemikali iliyo breki ya ubongo, hupungua. Oxford walishaipima kwa mashine ya MRI mwaka 2009. Hata maeneo ya ubongo yanayoongoza mwendo hubadili namna yanavyowasiliana. Ila watu hawaitikii sawa, hivyo nani amwahidi Mama? Halafu akaongeza: "Lakini dada, GABA hiyohiyo hushuka hata mtu anapojifunza kazi mpya ya mkono."

Asubuhi nikampelekea Mama habari hiyo pamoja na chai. Akanitazama weee.

"Kwa hiyo breki nailegeza mwenyewe, bila umeme wa Luku?"

Akavuta ungo wa maharage, akaanza kuchambua kwa mkono wa kiharusi. Punje zinarukia chini ya kochi, yeye anazitukana kwa Kinyakyusa, mimi nimeegemea mlango nacheka mpaka chai inamwagika. Tangu hapo haruhusu mtu aguse ungo wake.