Kipande cha Kioo Ndani ya Asali

Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamili kuhusu namna flajela za bakteria, yaani mikia yao ya kuogelea, zinavyosukuma maji karibu na uso mgumu, nilikuwa nikifundisha kwa muda katika chuo kimoja jijini Mbeya, na aliyekuwa tayari kunisikiliza nikieleza milinganyo ya Stokes, ile ya mwendo wa vimiminika pale mnato unapotawala, alikuwa fundi wa maabara, mzee aliyekaribia kustaafu. Hesabu zangu hazikumtosha, alitaka kuona.

Bakteria Escherichia coli ana urefu wa mikromita 2 hivi, na uzi wa flajela yake, wenye unene wa takriban nanomita 20, huzunguka kiasi cha mara 100 kwa sekunde. Kwa kiumbe mdogo hivyo mnato, yaani ukinzani wa kimiminika dhidi ya kutiririka, ndio unaotawala, kiasi kwamba flajela ikisimama, naye husimama papo hapo. Hali hiyo huweza kuigwa kwa kitu kikubwa, mradi kimiminika kiwe kizito na mwendo uwe wa polepole. Mzee akapendekeza asali, na kwa baridi ya Julai ya Mbeya asali ilikuwa nzito kwelikweli.

Tulitoboa ubavu wa sanduku la plastiki angavu, tukapitisha waya wa shaba wenye msokoto uwe badala ya flajela, tukaziba tundu kwa mpira. Mzee alizungusha mpini kwa nje, nami nikafuatilia viputo vya hewa vilivyonaswa ndani ya asali. Hata vile vya mbali na waya vilijongea. Kisha tukainua kipande cha kioo kutoka chini hadi kikakaribia kuugusa waya, kikiwa sambamba nao.

"Mwalimu," akasema, "mpini umekuwa mzito, lakini viputo vya kule naona vimelala. Nguvu yangu inakwenda wapi?"

Hilo ndilo swali ambalo mwanahisabati J. R. Blake alilipa umbo la kihisabati mwaka 1971. Asali inayogusa kioo haisogei, kwa hiyo kila nukta inayosukuma hupewa taswira yake upande wa pili wa kioo ili kasi pale iwe sifuri. Pasipo ukuta karibu, umbali kutoka kwenye nukta inayosukuma ukiongezeka maradufu, kasi ya kimiminika hupungua hadi nusu. Karibu na ukuta, kwa nguvu iliyo sambamba nao, hushuka hadi robo.

"Inaishia kwenye kioo, mzee wangu," nikamjibu.

Takwimu za sanduku lile sikuziingiza katika tasnifu, maana lenyewe lilikuwa na kuta zake zilizoingilia mtiririko. Mzee hakujali. Aliuliza bakteria asiyeshikiliwa na mpini angefanyaje. Nikamweleza kwamba flajela zake huzunguka upande mmoja na mwili upande mwingine, na kwa kuwa sehemu iliyo karibu na ukuta hukutana na ukinzani mkubwa zaidi, flajela huvutwa huku na mwili kule, naye huogelea kwa duara, akipinda kulia. Mzee akaukagua waya wetu, akasema tutengeneze mwingine usiofungwa popote.