Kipenga kwenye Ukuta wa Magharibi

Leo mwezi umeandama katika kalenda ya Kiyahudi, na alfajiri mama mwenye nyumba niliyopanga hapa Yerusalemu alinichukua hadi Ukuta wa Magharibi, mahali patakatifu pa sala kwa Wayahudi.

Yeye husali na Wanawake wa Ukuta, kundi ambalo tangu mwaka 1988 linadai haki ya kusali pale kwa sauti, kujitanda shali ya sala na kusoma gombo la Torati upande wa wanawake. Shali mahakama iliikubali mwaka 2013. Gombo bado ni ugomvi. Mwaka 2016 serikali iliidhinisha eneo rasmi la wanaume na wanawake kusali pamoja, kisha mwaka uliofuata ikausimamisha mpango wake yenyewe.

Mimi, Mkristo wa Mombasa, nilisimama kando kama mgeni asiyetaka kukanyaga mkeka wa mtu.

Walipoanza Haleli, zaburi za kumsifu Mungu, vipenga vya Wayahudi wanaowapinga vililia kutoka kila upande ili kuzizima sauti zao.

Karibu nami binti wa miaka kama kumi na mitano, mwenye sketi ndefu, alikuwa akipuliza mpaka uso ukamwiva. Ghafla akanyamaza, akakifuta kipenga kwa mkono wa sweta, akafumba macho, na midomo yake ikaanza kufuata zaburi ileile waliyokuwa wakiisoma.

Kisha akakirudisha kipenga mdomoni.

Mama mwenye nyumba hakugeuka hata mara moja.

Je, wenzangu, mmewahi kuona watu wa dini moja wakizuiana kusali? Ilikuwa wapi, nanyi mlisimama upande gani?