Siku moja maishani mwangu: kutwa kwenye meza ya fundi wa elektroniki, Arusha

Saa 1:30 asubuhi

Mwezi wa saba, Meru imejifunika ukungu na vidole bado vizito. Kichomeo kinawashwa kwanza: nyuzi 320 kwa waya wa kulehemu wa kawaida, wenye bati 63 na risasi 37 kwa mia, unaoyeyuka kwa nyuzi 183. Bodi za viwandani siku hizi hazina risasi, na bati lake huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 217. Fundi anayeng'oa kipuri kwenye bodi hizo bila kuongeza kwanza waya wake wenye risasi, ili vichanganyike na kuyeyuka mapema, huishia kubandua njia za shaba. Kisha anasingizia bodi.

Saa 2:15

Kinyozi kaleta mashine yake kabla hajafungua saluni. "Fundi, kwa chaja ya simu mpya haishiki chaji kabisa. Kwa ule waya wa zamani inashika." Maneno hayo yanatosha. Betri ni nzima, tundu ni zima.

Tundu la bapa la zamani la chaja (USB-A) hutoa volti 5 muda wote, kifaa kiwepo kisiwepo. Tundu la USB-C la kwenye chaja halitoi kitu mpaka liulize. Linapima pini mbili, CC1 na CC2, kuona kama upande wa kifaa kuna rezista (kipuri kinachozuia mkondo) ya kilo-omu 5.1 iliyokwenda grandi (upande hasi). Likiiona, ndipo linafungua volti 5. Aliyetengeneza mashine hii aliziacha rezista hizo ili aokoe senti, kwa hiyo chaja inauliza na hakuna wa kujibu. Ugonjwa huu uko kwenye taa za sola, spika ndogo, tochi na mashine za kunyolea zilizojaa sokoni.

Kabla ya kuahidi bei, fungua uhesabu pini za tundu. Zikiwa sita (za umeme mbili, grandi mbili, CC mbili), kazi ni ndogo. Zikiwa mbili tu, CC hazikutolewa nje, na tundu lote libadilishwe. Rezista zinapatikana bure kwenye bodi mbovu: tafuta za saizi 0603 zilizoandikwa 512 au 5101. Moja inatoka CC1 kwenda grandi, nyingine CC2 kwenda grandi. Mita ikisoma karibu kilo-omu 5.1 kwenye kila pini, funga.

Usiziunganishe CC mbili kwenye rezista moja, hata kama nafasi ni finyu. Kwa waya wa kawaida itachaji, nawe utadhani umemaliza. Waya wa ampea 5 una chipu ndani, na chipu hiyo huja na rezista yake ya karibu kilo-omu 1 kwenye pini ya pili. Zikikutana sambamba, chaja inaona omu 840 hivi, inadhani imechomekewa kifaa cha sauti, inanyamaza. Kosa hilohilo lilitoka kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 mwaka 2019, na lilisahihishwa kwenye bodi zilizofuata. Kwa hiyo si la mafundi wa vichochoroni peke yao.

Saa 4:30

Chai na chapati. Mzigo wa vipuri kutoka Kariakoo umefika stendi kwa basi la usiku, kijana kaufuata.

Saa 5:00

Simu imezima baada ya kudondoka. Pawa saplai inawekwa volti 4, mipaka ampea 1. Kabla hata ya kubonyeza kitufe, inakula ampea yote: shoti (umeme unapita njia ya mkato) kwenye laini kuu ya betri. Ingekula baada ya kubonyeza tu, shoti ingekuwa kwenye laini zinazoamka baadaye, na hapo msako ni mrefu zaidi.

Teremsha hadi volti 1, ongeza mipaka hadi ampea 2, fukizia moshi wa kolofani (utomvu mkavu wa msonobari) mpaka bodi iwe nyeupe kama imenyeshewa unga. Kipuri chenye shoti ndicho kinachoyeyusha weupe wake kwanza. Leo ni kapasita (kipuri kinachohifadhi chaji) ya kauri, ndogo kuliko punje ya ulezi. Ndani yake kuna tabaka nyingi zilizopangwa kama chapati za maji. Bodi ikipinda, kauri inapasuka na tabaka zinagusana. Ikitolewa, simu inawaka. Laini kuu ina kapasita nyingi sambamba, hivyo simu itatembea hata bila hiyo moja, lakini irudishiwe nyingine ya saizi na volti zilezile.

Wanaojifunza hukosea hapa. Wanapima laini ya prosesa, mita inasoma omu chache, wanatangaza shoti. Si shoti. Kadiri transista (swichi ndogo za umeme ndani ya chipu) zilivyopunguzwa ukubwa, ndivyo volti zake zilivyoshuka: saketi za miaka ya 1980 ziliendeshwa kwa volti 5, wakati kiini cha prosesa ya simu ya leo kinakula chini ya volti 1 kwa ampea nyingi. Usomaji mdogo hapo ni kawaida yake. Anayesukuma volti 4 kwenye laini hiyo ili "atafute joto" ameua simu iliyokuwa ya kupona.

Saa 7:30 mchana

Ugali na dagaa, haraka.

Saa 8:00

Chaja ndogo ya wati 65, za hizi zinazotumia galiamu naitraidi badala ya silikoni. Transista yake huwaka na kuzima kwa kasi kubwa zaidi bila kupoteza joto jingi, ndiyo maana transfoma imekuwa ndogo na chaja ya laptopu inaingia mfukoni.

Kapasita kubwa kwanza. Umeme wetu wa volti 230 ukishanyooshwa unakaa humo kama volti 325, na unabaki hata baada ya kuchomoa. Utolewe kwa rezista ya kilo-omu 10, wati 5, uhesabu hadi kumi, kisha upime. Kuutoa kwa bisibisi hapana.

Fyuzi imekatika, na fyuzi haikatiki bure. Daraja la daiodi, linalonyoosha umeme, ni zima; transista kuu imeshikana (ina shoti). Usichukue transista ya kawaida kwenye chaja ya zamani ukaibandika: hizi za galiamu naitraidi huwashwa kwa volti 5 au 6 tu, za silikoni hutaka 10 hivi, na kwenye chaja nyingi transista imefungwa ndani ya chipu ileile inayoiendesha. Chipu hiyohiyo isipopatikana, mwambie mwenye chaja ukweli. Ile kapasita ya buluu inayovuka kati ya upande wa umeme mkubwa na upande wa mtumiaji usiibadilishe kwa yoyote isiyo ya daraja Y (la usalama). Ikishikana, mtu anayeshika simu anashika umeme wa ukutani.

Saa 9:45

Taa ya sola ya mama mmoja wa Ngarenaro. Shikamoo, marahaba, nayo inaonekana ilishapita mkono mwingine. Betri ya awali ilikuwa ya fosfeti ya chuma, volti 3.2, inayojazwa mpaka 3.65. Imewekwa ya simu iliyovunjwa, volti 3.7, inayotaka 4.2. Haijai, kwa hiyo taa inazima saa tatu usiku. Kinyume chake ni kibaya zaidi: betri ya fosfeti kwenye TP4056, chipu inayokomea 4.2, itasukumwa kupita kiasi kila siku ya jua mpaka ivimbe. Irudishwe ya aina yake tu.

Saa 10:30 jioni

Kuchora bodi ya mashine ya kutotolesha vifaranga kwenye KiCad, programu ya kuchorea bodi: chipu ya ESP32-C3 yenye Wi-Fi, kihisi joto cha DS18B20 chenye rezista yake ya kilo-omu 4.7, na joto la kushikilia nyuzi 37.5. Chipu hii inatumia RISC-V, lugha ya maagizo iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010, ambayo mtengenezaji huitumia bila kulipia leseni.

Inayosumbua ni Wi-Fi. Ikituma, chipu hunyonya zaidi ya miliampea 300 kwa mkupuo. Regyuleta (kipuri kinachotuliza volti) ikiwa dhaifu inateremka na chipu inajizima na kujiwasha yenyewe. Wengi hulaumu programu. Weka regyuleta ya miliampea 500 na kuendelea, kapasita ya mikrofaradi 10 na ya nanofaradi 100 zikiwa zimekaribiana na pini ya umeme ya chipu. Regyuleta ya AMS1117 usiilishe kwa betri ya litiamu. Inahitaji zaidi ya volti 1 juu ya ile 3.3 inayotoa. Chini ya antena, shaba yote iondolewe, pande zote mbili.

Tundu la kulisha ni USB-C. Rezista mbili za 5.1, kila pini na yake.

Saa 12:10 jioni

Kinyozi karudi. Waya wa C kwa C, taa nyekundu. Anauchomoa, anaugeuza, anachomeka tena: taa nyekundu.

"Na ule wa laptopu?"

Ule mnene, wa ampea 5. Nyekundu pia.