Vidonge vya sonona, kwa mgonjwa wa kawaida vinasaidia kweli?

Hili swali naulizwa sana pale dirishani famasi, na mara nyingi anayeuliza sio mgonjwa, ni ndugu yake katumwa kuchukua dawa. Jibu langu ni kwamba vinasaidia, ila sio kila mtu na mara nyingi sio kidonge cha kwanza.

Utafiti naoupenda kwenye hili ni STAR*D wa Marekani, matokeo makubwa yalitoka 2006. Tafiti nyingi za dawa zinawakataa wenye pombe, wenye magonjwa mengine, wenye mambo mengi, hawa wakachukua watu zaidi ya 4,000 kutoka kliniki za kawaida wakiwa hivyohivyo, wote wakaanza na citalopram, dawa mojawapo ya sonona, asiyepona anabadilishiwa au anaongezewa nyingine, mpaka hatua nne. Hatua ya kwanza wakapona kama theluthi tu. Ya pili kama 30% ya waliofika hapo, ya tatu na ya nne ndo balaa, 13 au 14% hivi.

Wakapiga hesabu wakasema jumla 67% wanapona. Hiyo namba mi siikubali, maana walidhani walioacha njiani wangepona sawasawa na waliobaki, na walioacha walikuwa wengi mno! 2023 mtafiti Pigott na wenzake wakarudia data zilezile kwa kufuata mpango wa mwanzo wa utafiti, wakapata 35%. Na hapo hakukuwa na kundi la kulinganisha lililopewa vidonge visivyo na dawa ndani, kwahiyo wapo ambao wangepona tu wenyewe.

Sasa hao walikuwa wanafuatiliwa, wanajaziwa dodoso, dozi inapandishwa. Huku kwetu je? Juzi dada mmoja karudisha karatasi yake ya fluoxetine, nayo dawa ya sonona, imetobolewa vitundu vichache tu, "kaka dawa zenu hizi zinanitapisha, nafuu siioni." Kumbe anameza asubuhi tumbo tupu. Kichefuchefu kinakuja siku za mwanzo, nafuu inasubiri wiki mbili mpaka sita, sasa nani atavumilia kama hajaambiwa? Nikamwambia ameze baada ya chai na asiache kabla hajamuona daktari. Nikaangalia cheti chake: dawa ya mwezi mzima, tarehe ya kurudi hakuna.