Nilivyoipanga upya kibodi yangu, na jinsi herufi A ilivyonitoa jasho

Kidole kidogo cha mkono wangu wa kushoto ndicho kilichonifikisha huku. Kazi yangu ni kuhariri maandishi. Kutwa nzima ni kunakili hapa, kubandika pale, kutendua, kuhifadhi, na kila mara kidole hicho ndicho kinachonyooka hadi pembeni kabisa kuitafuta Ctrl. Ilifika mahali kikawa kinauma hata nikishika kikombe. Nikanunua kibodi ndogo ya vitufe 61, zile ziitwazo za asilimia 60, kwa kuwa niliambiwa kila kitufe chake kinaweza kupewa kazi nyingine. Haina mishale, haina safu ya F1 hadi F12, haina vitufe vya namba pembeni. Nilipoitoa kwenye boksi nilijiuliza kama sikununua nusu ya kibodi.

Ndani ya kibodi kama hii yangu mna kompyuta ndogo inayoendesha programu iitwayo QMK. Hiyo ndiyo inayoamua kitufe kikibonyezwa kitume nini. Ili kuzungumza nayo bila kuandika msimbo kuna chombo kiitwacho VIA, ambacho hufunguka ndani ya kivinjari: unaona picha ya kibodi yako, unabofya kitufe, unachagua kazi mpya kwenye orodha iliyo chini, basi.

Ila mimi nilikaa jioni nzima VIA ikiniambia haioni kibodi yoyote. Na kibodi ilikuwa inaandika vizuri tu! Kebo imechomekwa, taa ya chaji inawaka, herufi zinatokea kwenye skrini. Nikabadilisha kivinjari, kwa sababu si vyote vinavyoruhusu ukurasa kuzungumza na kifaa cha USB namna ile. Chrome na ndugu zake huruhusu. Bado. Mwishoni nikaona swichi ndogo ubavuni, iko upande wa Bluetooth. Nikaisogeza upande wa kebo, na kibodi ikafa ganzi, haiandiki hata nukta. Hapo ndipo nilipoelewa. Kebo niliyochomeka ilikuwa ya taa ya mezani, ya kupitisha umeme peke yake, haina nyaya za data. Muda wote herufi zilikuwa zinapita hewani, na VIA kupitia Bluetooth haioni kitu. Nikachukua kebo iliyokuja na kibodi, ile niliyoidharau kwa ufupi wake, na picha ya kibodi ikatokea papo hapo.

Jambo la kwanza la kuzoea ni kwamba hakuna kitufe cha kuhifadhi. Ukibofya tu, badiliko limeshaandikwa ndani ya kibodi yenyewe. Raha yake ni kwamba ukiihamishia kwenye kompyuta nyingine mpangilio wako unakwenda nayo, wala huhitaji kusakinisha chochote huko. Karaha yake ni kwamba hakuna kutendua. Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu nilitoa nakala ya mpangilio wa awali, faili dogo la JSON, nikaliweka pema. Nimelirudia mara tatu hadi sasa.

Kisha matabaka. Kibodi ya vitufe 61 inafanya kazi za vitufe 104 kwa sababu kila kitufe kina maana kadhaa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Yangu ina matabaka manne, yanayohesabiwa kuanzia 0. Tabaka 0 ni herufi za kawaida. Ukishikilia kitufe chenye kazi ya MO(1), unapanda tabaka la 1 kwa muda ule tu ulioshikilia, ukiachia unashuka. Humo nikaweka mishale kwenye I, J, K na L, Home kwenye U, End kwenye O, na safu ya namba ikawa F1 hadi F12. Vitufe vingine vyote vya tabaka hilo nikaviacha na alama ya pembetatu, maana yake ni kitufe cha uwazi: kinaruhusu kazi ya tabaka la chini ipite. Kuna alama nyingine ya kitufe kisichofanya lolote, na kuzichanganya hizo mbili ni kujitafutia balaa.

Mimi nilijitafutia. Nilitaka tabaka la 2 liwe la namba, nikaweka TO(2) ili nihamie huko, nikasahau kuweka njia ya kurudi, na vitufe vya tabaka hilo vilikuwa na ile alama ya kutofanya lolote. MO hushusha ukiachia, lakini TO ni kuhama kabisa. Nikaibonyeza kuijaribu, na kibodi nzima ikawa bubu. Nilichomoa kebo, nikachomeka tena, wapi, kwa sababu ina betri na haikuwa imezimika kamwe. Nilipochomoa kebo na kuzima swichi kwa pamoja, ikaamka ikiwa tabaka 0. Tabaka ulilopo halikumbukwi umeme ukikatika. Mpangilio ndio unaokumbukwa. Laiti ningetulia, panya ingetosha kurekebisha kosa ndani ya VIA.

Sasa nije kwenye kidole. Ushauri unaosifiwa sana na wapenzi wa kibodi hizi ni kuvipa vitufe vya safu ya katikati kazi mbili: ukigusa A upate a, ukiishikilia iwe Ctrl. Kidole hakisogei hata kidogo, maana tayari kimelala juu ya A. Niliposoma hivyo nilihisi nimepata dawa. Wengi huvipa kazi mbili vitufe vinne kila mkono, lakini mimi, kwa bahati, nilianza na A peke yake. Katika VIA kuna kitufe kiitwacho Any ambapo unaandika mwenyewe LCTL_T(KC_A), na kazi imekwisha.

Nikaanza kuhariri. Neno la kwanza lililonishinda lilikuwa “awali”. Niliandika, na ukurasa ukafungika: Ctrl na W. Nikaufungua tena, nikaandika “anasema”, dirisha jipya likajitokeza. Nikaandika “atakapofika”, kichupo kipya. Nikaandika “aliporudi”, na mshale ukarukia kule juu kwenye anwani, nikakuta pameandikwa “iporudi”, mabaki ya neno langu. Ilikuwa kama kibodi imepagawa.

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Kibodi haiwezi kusoma nia yako, kwa hiyo inapima muda. Kwa kawaida mpaka ni milisekunde 200: ukiachia kabla ya hapo ni herufi, ukipitisha ni Ctrl. Na kidole kidogo ni kizito. Zaidi ya hapo, sentensi zangu nyingi huanza na A, kwa sababu kiambishi cha nafsi ya tatu ni a-, na mwanzo wa sentensi ndipo mtu anapofikiri huku kidole kimelala juu ya kitufe. Nafikiri robo sekunde, na tayari nimefunga dirisha.

Toleo la VIA nililokuwa nalo halikunipa nafasi ya kubadilisha zile milisekunde 200. Mwenzangu kazini ana kibodi inayotumia Vial, chombo kinachofanana na VIA ila kina mipangilio zaidi, na huko muda huo unabadilishwa kwa kuandika namba tu. Akaniazima siku mbili. Nilipoweka 250 madirisha yalipungua kufunguka. Nilipoweka 300 yakaacha kabisa, nikashangilia mapema. Sasa tatizo lilikuwa limegeuka: nikitaka kunakili aya, nabonyeza A na C haraka kama nilivyozoea kwa Ctrl, muda haujatimia, na kibodi inaamua hizo ni herufi mbili. Aya nzima niliyoiteua inafutika, mahali pake panabaki “ac”. Kufunga dirisha ni hasara ndogo. Kufuta aya ya mtu bila kugundua ni hasara nyingine kabisa.

“Kaka, mbona mimi hainisumbui?” mwenzangu akaniuliza.

Nikamtazama anaandika. Anaandika msimbo na barua za Kiingereza. Nikachukua sentensi moja kwenye kazi yangu, “Mwanafunzi aliyekaa karibu na dirisha alikuwa anaandika barua”, nikahesabu kwa kalamu. Herufi 54, na A kati yake ni 16. Karibu tatu katika kila kumi! Neno “anaandika” pekee lina nne. Ushauri ule ulikuwa mzuri, ila ulitolewa na watu ambao A kwao ni herufi moja kati ya nyingi, nami nilikuwa nimeweka mtego juu ya kitufe ninachokigusa kuliko kingine chochote.

Nilidhani pengine nibadilishe mpangilio mzima wa herufi. Nikaangalia. Mpangilio wa QWERTY ulitokana na mashine za chapa za Marekani, ile ya Sholes na Glidden iliyoanza kuuzwa mwaka 1874, na A iko chini ya kidole kidogo cha kushoto. Dvorak, mpangilio mwingine uliopata hataza mwaka 1936: A iko palepale. Colemak ya mwaka 2006: palepale. Herufi nyingi zimehamahama, A haijatikisika. Kuihamisha mwenyewe kunawezekana, ni kubofya mara mbili tu, lakini vidole vyangu viligoma kabla sijamaliza mstari wa kwanza.

Basi nikaondoa mtego. A ikarudi kuwa A. Ctrl nikaiweka kwenye Caps Lock, kitufe kikubwa kilicho ubavuni mwa A ambacho sijui mara ya mwisho nilikitumia lini: ukikishikilia ni Ctrl, ukikigusa ni Esc. Hapo kazi mbili hazina madhara kwa sababu hakuna neno linalopita juu yake. Kidole kinasogea kitufe kimoja pembeni badala ya kushuka hadi kona. MO(1) nikaipeleka kwenye Alt ya kulia, chini ya dole gumba.

Kuna watu huweka tabaka kwenye kitufe cha nafasi, ukigusa ni nafasi, ukishikilia ni tabaka. Nilijaribu asubuhi moja. Mimi huanza neno linalofuata kabla dole gumba halijaachia vizuri, kwa hiyo nikiandika “na mimi” mara nyingine i inakuwa mshale wa kwenda juu, na herufi zinazofuata zinaangukia mstari wa wenyewe. Nikaiondoa kabla ya saa sita.

Baada ya hapo nikaanza kuona Q kwa jicho jingine. Kiswahili hakina kazi na Q, na wala hakina kazi na X. X nikaiacha, kwa sababu Ctrl na X ndiyo kukata. Lakini Q imekaa bure kabisa, na mimi huandika ng’ mara nyingi. Upande wa makro katika VIA, yaani mfuatano wa vibonyezo unaotumwa na kitufe kimoja, nikaandika maandishi matatu, n, g na ritifaa, nikaipa Q kazi hiyo. Q yenyewe nikaihamishia tabaka la 1. Kubonyeza mara moja, na “ng’ombe” imeshaanza. Nilifurahi kama mtoto.

Siku iliyofuata nenosiri langu likakataliwa mara tatu. Lina q ndani yake. Vitone havisemi ni herufi gani, lakini nilipohesabu niliona kitufe kimoja kinatoa vitone vitatu, nikacheka peke yangu. Na nikiwa hapo niseme: wazo la kuweka nenosiri lenyewe kwenye makro litakujia, lifukuze. Yeyote atakayeichomeka kibodi yako na kufungua VIA atalisoma lote kama lilivyo.

Jambo jingine sikulitarajia. Nilipeleka kibodi kwenye kompyuta ya mtu aliyeiweka kwa mpangilio wa Kijerumani, nikabonyeza Q yangu, ikatoka “ngäombe”. Kibodi haitumi herufi. Inatuma namba ya kitufe, na kompyuta ndiyo inayoamua namba ile isomeke vipi. Pale penye ritifaa kwenye mpangilio wa Kimarekani, Wajerumani wana ä. Kwa hiyo kama herufi zinatoka kinyume na ulivyoona ndani ya VIA, angalia kwanza lugha ya kibodi iliyochaguliwa kwenye kompyuta kabla hujaanza kubofyabofya upya.

Nilipomrudishia mwenzangu kibodi yake alikaa kwenye yangu kidogo ili aione. Akataka kufunga programu kwa Ctrl na Q kama alivyozoea. Haikufungika, palifunguka dirisha jipya, maana makro yangu ilianza na n huku Ctrl imeshikiliwa.

“Sasa hii Q yako ina nini, kaka?”

Nikamwonyesha. Akaandika ng’ombe, ng’amua, ng’ang’ania, akatikisa kichwa, kisha akajaribu kuanza sentensi kwa kushikilia Shift. Ikatoka NG", kwa sababu Shift inakuza vyote vitatu pamoja na kuigeuza ritifaa kuwa alama ya kunukuu. Hilo sijalipatia dawa. Ng’ yenye herufi kubwa naiandika kwa mkono, kitufe kwa kitufe.